Manyoya Chini ya Tundu

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, ilikuwa kufagia manyoya ya kasuku kabla mtu mwingine hajayaona. Nilikuwa na miaka kumi. Niliyakusanya kwa mkono kutoka chini ya tundu, nikayatia kwenye mfuko mtupu wa unga, nikaufunga fundo na kuusokomeza nyuma ya debe la mkaa. Kuna asubuhi nilipata manyoya manne, kuna asubuhi yalijaa kiganja. Yalikuwa ya kijivu, laini, na mengine yalikuwa na damu kwenye kishina. Nilikuwa nalia huku naokota, lakini kimyakimya, maana baba aliamka saa kumi na mbili kamili na hakupenda kukuta mtu analia.

Tulikuwa tunakaa Makole, mjini Dodoma. Kasuku aliitwa Mheshimiwa. Jina hilo alipewa na mama yangu mdogo, Perusi, mdogo wake mama, kwa sababu, alisema, ndege huyu anaongea mchana kutwa na hajibu swali hata moja. Kwa watu wa Dodoma mzaha huo hauhitaji maelezo.

Mama Mdogo alikuwa mpishi wa mkubwa mmoja wa serikali. Mkubwa akahamishwa, akachukua makochi, akachukua jokofu, akachukua hata mbwa, kasuku akamwacha. Mama Mdogo akaja naye kwetu nyuma ya baiskeli, amemfunika kanga, na kuanzia siku hiyo tukalala watatu chumba kimoja: yeye, mimi na Mheshimiwa. Ndege alijua kupiga hodi kwa sauti ya kiume na kukohoa kama baba akitoka bafuni. Lakini sauti aliyoipenda kuliko zote ni ya Mama Mdogo akiniita nikaoge jioni. "Esta! Maji yamechemka!" Aliiga mpaka ule uvivu wa herufi ya mwisho. Mara ngapi nimekimbia na taulo begani, nikakuta jiko halijawashwa na Mama Mdogo amekaa kwenye kigoda anacheka hadi anajishika mbavu.

Siku alipokwenda Mvumi, kijijini kwao, kuangaliwa tumbo hospitalini, alitoka na begi dogo tu. Akanishika kidevu.

"Mtunze Mheshimiwa mpaka nirudi. Nisimkute amekonda."

"Hatakonda."

"Na wewe pia usikonde," akasema, akapanda bajaji.

Baada ya siku tano baba na mama nao wakaondoka alfajiri, wakatuacha mimi na mdogo wangu Yona kwa jirani, Mama Zuhura. Walikaa huko walikokwenda siku nne. Waliporudi, mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani na macho yamemvimba. Baba ndiye aliyezungumza. Alisema Mama Mdogo amesafiri, amepitiliza Mwanza kwa shangazi yake akapumzike, na kwamba atakaa kidogo.

Wewe unayesoma umekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa. Mtoto akiambiwa fulani amesafiri, anauliza atarudi na nini. Nikauliza. Baba akasema, samaki.

Miaka mingi baadaye mama alinieleza ilivyokuwa. Baba, ambaye alikuwa karani wa ofisi ya serikali na aliendesha nyumba yake kama faili, alikata shauri kwamba mtihani wa taifa wa darasa la nne uko miezi michache mbele, kwa hiyo mtoto asivurugwe. Baada ya mtihani ataambiwa taratibu. Mtaa mzima ukaombwa ukae kimya, na mtaa ukakubali, kwa kuwa kwetu kumficha mtoto msiba huhesabiwa kuwa ni huruma. Ndiyo maana sikunyolewa. Ndugu wote waliofika mazishini walinyoa, kama ilivyo desturi yetu. Mama alinyoa. Sisi watoto tuliachwa na nywele zetu, tusije tukauliza. Mama akawa anafunga kitambaa mchana na usiku, nami nilidhani ni fasheni.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwomba Mheshimiwa akae kimya. Kwa wiki mbili nzima, kila jua lilipoanza kushuka, sauti ya Mama Mdogo ilitoka chumbani, safi kabisa: "Esta! Maji yamechemka!" Mimi nilifurahi. Nilimwona ndege kama redio inayoniletea habari kwamba yuko njiani. Mama alikuwa anaacha chochote alichoshika na kutoka nje. Siku moja aliacha mwiko ndani ya ugali, ugali ukaungua. Jioni hiyo baba alichukua shuka nene akalifunika tundu, na akaagiza liwe linafunikwa kila jioni.

Ndege akanyamaza. Kwanza aliacha kuita, kisha akaacha kupiga hodi, kisha hata kukohoa akaacha. Halafu akaanza kujinyonyoa.

Alianza kifuani. Alikuwa anainamisha kichwa, anachagua unyoya mmoja kwa utulivu, anauvuta, anautazama, anauangusha. Baada ya mwezi kifua chake kilikuwa kitupu, ngozi ya waridi yenye vipele, kama kuku aliyekwisha kuchovywa kwenye maji ya moto. Mimi sikufikiria ugonjwa. Nilifikiria kidevu changu mkononi mwa Mama Mdogo na ile ahadi niliyompa. Nilikuwa nimeahidi hatakonda, na sasa angerudi na samaki wake akute ndege wake hana nguo. Hicho ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi. Nilianza kung'ata kucha, na kucha zilipokwisha nikahamia kwenye nyama.

Nilijaribu yote yaliyomo kwenye akili ya miaka kumi. Nilimpaka mafuta ya alizeti, akawa ananata na akajichukia zaidi. Nilikata soksi yangu ya shule nikamtengenezea fulana, akaichana chana kwa dakika chache na kuniangalia kwa dharau. Mwisho nikamweka ndani ya tenga la kuku, nikalifunika kanga, nikatembea kwa miguu hadi Majengo, nyuma ya wauza nafaka, kwenye duka la dawa za mifugo ambako palikuwa na daktari wa mifugo, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Umeleta kuku?"

Nikafunua kanga. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu nilimsoma chuoni kwenye kitabu," alisema. "Sikutegemea tungeonana."

Alimpekua bawa kwa bawa. Akanionyesha kwamba kichwani manyoya yote yapo, yamelala vizuri, na kwamba pale tu mdomo unapofika ndipo palipo patupu. "Ingekuwa chawa au ukurutu, kichwa kisingepona. Huyu anajifanyia mwenyewe. Anakula nini?"

"Alizeti."

"Na nini kingine?"

"Alizeti."

Alicheka, lakini si kwa kunidharau. Akanielekeza nimpe mchicha, karoti, kipande cha papai, muhindi mbichi. Nimwogeshe. Nimpe vijiti vya kutafuna ili mdomo upate kazi nyingine. Na lile shuka, nilipomtajia, akasema litoke. Mwisho akauliza, kana kwamba ni jambo dogo: "Nani alikuwa anashinda naye?"

"Mama Mdogo. Amesafiri."

"Atarudi lini?"

"Karibu atarudi."

"Basi mvumilie," alisema. "Ndege hawa wanashikamana na mtu mmoja. Akirudi, utaona mwenyewe ataacha."

Sijui kama kuna siku nimewahi kutembea kwa furaha kama siku ile. Nilikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa njiani inakuja. Nilimwogesha Mheshimiwa kila siku kwa kumpulizia maji kutoka mdomoni mwangu, vile fundi anavyolowanisha nguo kabla ya kupiga pasi. Nilimpelekea mchicha na vijiti. Kwa siku tatu manyoya chini ya tundu yalipungua. Siku ya nne yakarudi, na sasa alikuwa amehamia mapajani.

Ndipo Mama Zuhura alipokuja kuomba chumvi na akamwona. Mama Zuhura alikuwa mtu wa Tanga, mwema sana, mkono wake haukuwa mgumu kutoa, lakini kwa mambo ya uchuro hakuwa na mzaha. Akashika mdomo. Nilikuwa nyuma ya mlango nikamsikia anamwambia mama kwa sauti ya chini:

"Mama Esta, mtoe ndege huyu. Ndege akijivua manyoya ndani ya nyumba anaita maiti. Ameshachukua mmoja. Atachukua wa pili."

Usiku ule nilijiuliza sana. Wa pili nilimwelewa, ni mimi au Yona. Lakini wa kwanza ni nani? Niliwahesabu watu wa nyumbani kwa vidole, na walitimia wote, isipokuwa aliyesafiri.

Baba hakuwa mtu wa uchuro. Lakini nyumba ilikwisha kumchosha, mke analia, mtoto anakonda, ndege kajivua nguo, na sasa majirani. Akatangaza wakati wa chakula kwamba Jumamosi atakuja mtu wa Majengo anayefuga njiwa amchukue Mheshimiwa. Nilimwambia si wake. Sijawahi kumjibu baba namna ile, wala sikurudia tena maishani. Akasema tu, "Kula."

Nilikula, kisha nikachana karatasi katikati ya daftari la hisabati na kuandika barua. Ninayo mpaka leo, ndiyo maana naweza kuinakili. "Mama Mdogo shikamoo. Mimi sijambo, Yona hajambo. Mheshimiwa anajinyonyoa. Sijamfanya kitu chochote. Daktari amesema ukirudi ataacha. Baba anasema Jumamosi anaondoka. Tafadhali rudi kabla ya Jumamosi. Samaki unaweza kuacha." Nikaandika juu ya bahasha "Mwanza" na kumkabidhi baba aipeleke posta.

Baba hakuipeleka posta, kwa kuwa hakukuwa na wa kuipokea. Aliisoma ofisini. Kesho yake aliomba ruhusa, akapanda basi hadi Mvumi, na akakaa mbele ya mama mkwe wake, ambaye hakujua kusoma, akamsomea barua ile aliyoandikiwa binti yake, mwanzo hadi mwisho. Nimejaribu mara nyingi kuiona picha hiyo: mtu wa mafaili, shati limechomekewa, anasoma "samaki unaweza kuacha" kwa sauti. Alipomaliza, Bibi alisema neno moja tu. Alisema, "Nakuja."

Alifika Ijumaa mchana na furushi la unga wa uwele na mlenda mkavu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shuleni, nimekaa uani karibu na tundu, namlinda ndege dhidi ya Jumamosi.

"Mbukwa," alisema Bibi, akinisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mbukwa. Shikamoo, Bibi."

Hakuingia ndani. Alijisogeza hadi kwenye tundu, akachuchumaa kwa shida, akamtazama Mheshimiwa, na Mheshimiwa akamtazama yeye. Walikaa hivyo mpaka mama akatoka, na Mama Zuhura akachungulia juu ya ukuta, na baba naye akarudi kutoka kazini akatukuta.

"Nani amesema huyu anachuria?" aliuliza Bibi.

Kichwa cha Mama Zuhura kikashuka nyuma ya ukuta.

"Ndege huyu haiti mtu yeyote. Ndege huyu yuko msibani. Hamwoni? Aliyefiwa anaondoa nywele. Na yeye anaondoa alichonacho. Kichwa hakifikii tu. Angekuwa na mikono angeanzia kichwani." Kisha akaeleza jambo ambalo aliliamini kama alivyoamini kwamba mvua hutoka mashariki. Alisema nyumba ikiufunika msiba, msiba haukubali kufunikwa, unatafuta wa kuubeba. Unaanza na mnyama wa nyumba. Mnyama akijimaliza, unahamia kwa mtoto.

"Mama," baba alisema, "mtihani wake..."

Bibi alinivuta mkono, akaukunjua, akanyanyua vidole vyangu juu ili baba avione. Vilikuwa na madonda hadi kwenye viungo.

"Na hivi?" aliuliza.

Baba hakuwahi kuviona. Mama naye hakuwahi kuviona. Nilikuwa nakula kwa kijiko, ngumi nimeifumba.

Mimi nilikuwa na swali langu. Niliuliza Mheshimiwa amefiwa na nani. Jua lilikuwa kali na Bibi alikuwa ametoka safari, jasho linamtiririka, na kwa mkono ulio huru akafungua kitambaa chake kichwani ajifute uso. Ndipo nilipokiona kichwa chake. Nywele nyeupe zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua, fupi, zinasimama, kama zile punje za manyoya mapya zilizokuwa zikiota kifuani mwa Mheshimiwa kabla hajazivuta tena.

"Bibi," nikasema, "na wewe umenyoa."

"Ndiyo, mjukuu wangu."

Nikamgeukia mama. Mama alikuwa ameshika fundo la kitambaa chake kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia upepo. Kisha akalifungua.

Hakuna aliyeniambia kwa maneno. Nilisema mwenyewe. "Mama Mdogo hayuko Mwanza." Na Bibi akasema, "Hayuko, mwanangu. Yuko kwetu Mvumi, tumemlaza karibu na babu yako."

Sikulia papo hapo. Niliinuka, nikaenda nyuma ya debe la mkaa, nikaleta mfuko wa unga. Ulikuwa umejaa. Niliwaambia haya ndiyo manyoya yake yote, nilikuwa nayaficha ili Mama Mdogo asiyakute akirudi. Nikasema sikuwa mzembe. Hapo mama alianguka chini na kutoa sauti ambayo sijaisikia tena, na baba, mtu wa saa kumi na mbili kamili, akakaa juu ya mchanga wa uani na suruali yake ya ofisini, akalia mbele ya watoto wake. Na mimi nikalia, tena kwa sauti.

Jua lilipopoa, Bibi alichemsha maji, akaninyoa kwa wembe. Nywele zangu za shule zilikuwa fupi tangu zamani, lakini kuna tofauti kati ya fupi na hakuna. Akamnyoa na Yona, aliyekuwa na miaka minne na alifurahia maji. Tundu lilikuwa pale pale, wazi, bila shuka, na Mheshimiwa alitazama kila kitu kwa jicho moja. Nywele zetu Bibi alizitia kwenye ule mfuko, juu ya manyoya, akauzika uani. Jumamosi mtu wa njiwa alifika, baba akamkaribisha chai, akamwambia amebadili mawazo.

Mtihani nilifanya. Nilifaulu, ingawa si kwa alama ambazo baba alizitarajia.

Mheshimiwa hakuacha siku ile. Ningependa kuandika kwamba aliacha, Bibi angefurahi. Ilichukua miezi. Niliendelea na mchicha, na vijiti, na kumpulizia maji, na baada ya Ijumaa ile mama naye akaanza kushinda naye uani akichambua mchele na kumsimulia habari za mdogo wake mtu fulani aliyekuwa mvivu wa kuosha masufuria. Manyoya yakarudi polepole, isipokuwa kifuani, penye upara ulioko mpaka leo. Jioni moja, baada ya mvua za kwanza, akaita: "Esta! Maji yamechemka!" Mama aliacha alichoshika, kama zamani. Lakini safari hii hakutoka nje. Alisema, "Haya Esta, umesikia, kaoge."

Nimewahi kubishana sana juu ya jambo hili, hasa na mume wangu, ambaye anasema ilikuwa karoti. Inawezekana. Daktari wa Majengo hakukosea hata neno moja, isipokuwa kwamba nilimdanganya bila kujua. Na sidai kwamba msiba unahama kutoka kwa ndege hadi kwa mtoto kama viroboto. Ninachokijua ni hiki: katika nyumba ile ya watu wema waliokuwa wananipenda, ni ndege peke yake aliyekuwa analia waziwazi mbele yangu, nami kila asubuhi niliokota kilio chake nikakificha nyuma ya mkaa. Bibi alikuja akafunua vyote viwili, cha ndege na changu. Sijali aliviita nini.

Mheshimiwa sasa anakaa kwangu. Ndege hawa wanaishi muda mrefu kuliko tunavyowapangia. Mwaka jana Bibi alifariki, na tuliporudi kutoka Mvumi, nikiwa nimenyoa, nilimkuta mwanangu wa miaka sita mlangoni, na nyuma yake shangazi yake anayetupenda wote, ananikonyeza na kusema kwa sauti ya kuchangamka, "Nimemwambia Bibi amesafiri!"

Nilimshukuru. Kisha nikakaa kwenye kigoda karibu na tundu, nikamwita mwanangu, nikavua kitambaa na kumwachia anipapase kichwa. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia. Alilia sana, akaniuliza maswali ambayo majibu yake sina, akalia tena, akalala mapajani mwangu. Mheshimiwa alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza.

Asubuhi niliamka mapema kuliko kawaida, moyo unanidunda kama wa yule mtoto wa darasa la nne, nikaenda kuangalia chini ya tundu. Palikuwa na maganda ya alizeti tu.